Pimbi na Sura ya Kumi na Mbili

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na darasa.
Darasa la nani?
— La waliokataa.
Basi sogeeni. Aliyeshiba asimcheke mwenye njaa, maana hadithi hii inaanzia tumboni.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule ya sekondari chini ya majabali, karibu na mto. Fasihi ya kidato cha tatu ilifundishwa na Mwalimu Kiboko. Alikuwa mkubwa, mkubwa kweli. Akiingia darasani, puu, puu, puu, madawati yanaruka.

Desturi yake ilikuwa moja. Jumatatu anatoa sura ya kusoma, Ijumaa anakusanya insha. Jumatatu sura, Ijumaa insha, wiki baada ya wiki. Na sheria yake nayo ilikuwa moja: anayepata sifuri anampa mwalimu chakula chake cha mchana wiki nzima. Kiboko alisema tumbo likijaa, kichwa hulala. La kwake lilikuwa limejaa siku zote, na hakuna aliyethubutu kuuliza hali ya kichwa.

Kitabu chenyewe Kiboko hakuwahi kukifungua. Alikuwa na mwongozo, kijitabu chembamba cha maswali na majibu, alichokibana kwapani kutwa. Jibu likiwa kwenye mwongozo, ni sahihi. Lisipokuwemo, chwaa, kalamu nyekundu, sifuri. Kisha anavuta kikapu cha mtoto wa watu, kafu, kafu, kafu, viazi vimekwisha.

Darasani humo alikuwemo Pimbi. Pimbi ni mnyama wa mawe, mfupi, hana mkia wa kujivunia, ukimwona utadhani panya aliyenenepa. Lakini alisoma. Alisoma kitabu mpaka maneno ya nyuma ya jalada. Kilikuwa riwaya ya kuku mmoja ambaye moto ulipoingia kijijini, wenzake walikimbia, yeye akabaki juu ya mayai yake. Wiki hiyo swali lilikuwa: kwa nini kuku alibaki? Pimbi akaandika kwamba alibaki kwa ushujaa, na ukurasa akautaja. Mwongozo ulisema alibaki kwa woga. Chwaa. Sifuri.

Pimbi akaenda mbele na kitabu, akamwonyesha mwalimu pale alipopasoma. Kiboko hakupatazama.

"Jibu ni woga," alisema. "Limeandikwa."

"Limeandikwa wapi, mwalimu?"

"Limeandikwa pale lilipoandikwa. Lete viazi."

Pimbi akatoa viazi. Njaa yake mwenyewe angeivumilia. Ila kwenye dawati lake alikaa pamoja na Digidigi, mtoto mpole wa miguu myembamba, ambaye alikuwa amepata sifuri wiki tatu mfululizo. Jumatano asubuhi, wakiwa mstarini, Digidigi alianguka kimya kimya, kama nguo inayodondoka kambani. Wakambeba kivulini, wakampepea. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba radhi kwa usumbufu. Pimbi aliposikia radhi hiyo, moyo wake ukakataa katakata.

Mpo?
— Tupo.
Kaeni hapohapo.

Jumatatu iliyofuata Pimbi akamwendea Kiboko, akamwamkia vizuri, akasema darasa zima linaiogopa sana sura ya kumi na mbili. Wamesikia ni ngumu mno, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuifaulu. Akamwomba, kwa huruma yake, airuke.

Kitabu kile kilikuwa na sura kumi na moja.

Kiboko akafikiri. Sura ngumu, darasa zima sifuri, vikapu arobaini. Mate yakamjaa. Mwongozo wake nao uliishia sura ya kumi na moja, lakini hilo aliliona halina neno: kama hakuna jibu, basi kila jibu ni kosa. Akasema fasihi haina kurukaruka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba insha ya wiki ni ya sura ya kumi na mbili.

Pimbi akawaambia wenzake waandike lolote, kila mtu lake. Ngiri akaogopa, akasema wataadhibiwa mara mbili. Pimbi akamwuliza kama kuna njaa ya pili ambayo bado hajaionja. Ngiri akachukua kalamu. Mmoja akaandika kuku kaolewa, mwingine kuku kaenda vitani. Digidigi akaandika kuku alivuka mto juu ya gogo, kumbe gogo ni mamba, na mamba akamwimbia wimbo ili asiogope. Pimbi yeye aliandika mstari mmoja tu: "Sura ya kumi na mbili haipo."

Ijumaa kalamu ikafanya kazi. Chwaa, chwaa, chwaa, sifuri arobaini. Kwenye karatasi ya Pimbi, Kiboko aliandika kwa wino mwekundu: "Ipo. Hukusoma."

Hapo angeweza kula wiki moja akashukuru. Lakini tamaa haina kifuniko. Alibeba insha zote hadi ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi. Korongo, akaomba darasa linyang'anywe chakula muhula mzima. Bi. Korongo alikuwa na shingo ndefu na subira fupi. Akaja darasani amekasirika kweli, akawasema wanafunzi kwa uvivu wao, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Pimbi akapanda juu ya dawati, maana chini asingeonekana.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Sifuri yangu siikatai. Naomba tu mwalimu atusomee sura hiyo, hata mstari mmoja, tujue tulipokosea."

Kiboko akasema hana miwani. Bi. Korongo akakichukua kitabu asome yeye. Akafunua, akafunua, akafika jalada. Akachukua cha pili, kikaishia palepale. Akamtazama Kiboko. Kiboko akasema sura hiyo imo kwenye toleo jipya, ambalo kwa bahati mbaya liko nyumbani.

"Umelisoma?"

"Nimelisoma sana."

"Basi tusimulie."

Jasho likamtoka. Akatafuta kichwani, akaokota la karibu. Akasema kuku anafika mtoni, anapanda gogo, kumbe gogo ni mamba, na mamba anamwimbia wimbo.

Digidigi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumkatiza mkubwa, akasimama kwa miguu yake myembamba.

"Hiyo ni insha yangu, mwalimu," alisema. "Umenipa sifuri."

Bi. Korongo akayapekua mafungu ya karatasi, akaipata. Akaisoma yote, na sifuri yake chini. Kisha akaipata ya Pimbi, akasoma "Ipo. Hukusoma." Halafu akawaomba radhi wanafunzi arobaini, akawauliza nani ameshinda na njaa na kwa siku ngapi, na kila mmoja akajibu.

Siku hiyohiyo mwongozo ulitwaliwa na vikapu vikarudi kwa wenyewe. Kiboko akapewa kiti nyuma ya darasa. Jumatatu anasoma sura, Ijumaa anatoa insha, na wanafunzi ndio wanaosahihisha. Insha yake ya kwanza ilikuwa nusu ukurasa, na robo yake ni kisingizio. Pimbi alimpa mbili kwa kumi, zote za mwandiko. Kiboko akasema ameonewa. Pimbi akamwambia alete ukurasa unaomtetea, atausoma. Kiboko anautafuta hadi leo, na katika kutafuta, wanasema, ameshafika sura ya nne.

Na funzo, wanangu? Funzo ni kwamba mwanafunzi mwema hamalizi kitabu. Anakariri mwongozo, anatoa viazi, anaanguka taratibu asiwasumbue walio mstarini. Msije mkasoma mpaka ukurasa wa mwisho, mtawatia wakubwa jasho.

Hadithi yangu nimeifunga jalada. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, nipeni sifuri, lakini mnionyeshe ukurasa.