Zizi la Machibya

Nisikilizeni, kisha kila mmoja anipe hukumu yake. Walikuwepo watu watatu. Nkwimba alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Kijazi, daktari wa meno, alijua kukieleza kidonda mpaka asiyekuwepo akakiona. Mwaisumo, daktari wa upasuaji, alikuwa na mkono usiotetemeka.

Nkwimba aliolewa na Machibya, mnadi wa ng'ombe, mtu wa matusi. Siku moja mume alipokuwa akimfokea, Nkwimba aliona doa jeupe ubavuni mwa ulimi wa mumewe. Tangu hapo, kila alipotukanwa alilitazama. Halikufutika kwa mswaki wala kwa maji ya chumvi. Mwezi wa tatu likachimbika, likawa kidonda. Alipomwambia, alipigwa kofi. Akarudia kumwambia, akapigwa tena, hadi Machibya akakubali kwenda kwa Kijazi, akiapa kwa kejeli mbele ya mnada mzima kwamba atakayemponya atachukua zizi lote.

Kijazi alivaa glavu, akakibonyeza kidonda, akapapasa na shingo. Kisha akaandika barua ya rufaa: kidonda ubavu wa kushoto wa ulimi, sentimita nne, kingo zimeinuka, chini kigumu, hakiumi, kilianza kama doa jeupe lisilofutika, shingoni tezi moja ngumu.

"Nadhani ni saratani," alimwambia. "Usipitie nyumbani."

Katika hospitali kubwa foleni ilikuwa ya miezi. Mwaisumo aliisoma barua mara mbili, akakata kipande kikapimwa, ikawa kweli. Akampa Machibya siku ya upasuaji ya mgonjwa mwingine, Luhende, ambaye barua yake, iliyotoka kwingine, ilisema "kidonda mdomoni" tu. Akauondoa ulimi wote, na tezi za shingo.

Machibya amepona. Hasemi, mate yanamtoka na mkewe humfuta. Luhende alipofikiwa, kidonda kilikuwa kimeshuka kooni. Walimzika baada ya wiki mbili.

Wazee wakaketi kukiamua kile kiapo. Nkwimba alidai kwamba bila macho yake hakuna ambaye angetazama. Kijazi alidai kwamba bila barua yake Machibya angekuwa bado kwenye foleni. Mwaisumo alisema barua haikati saratani. Ndipo mjane wa Luhende akasimama.

"Mume wangu ndiye aliyetoa siku yake," alisema, "ingawa hakuulizwa."

Machibya alitikisa kichwa kwa nguvu. Hakuna aliyejua anakataa au analia.

Haya, ng'ombe wamo zizini na watu wanne wanasubiri. Je, wewe ungeamua vipi?