Saa Tisa ya Vumbuni

Sogeeni. Aliye na usingizi aende akalale, maana hadithi hii haimbembelezi mtu. Mara ya mwisho nilipoisimulia, mume na mke walirudi kwao kila mmoja kwa njia yake. Mimi nina langu moyoni na sitalisema. Nataka lenu.

Palikuwa na kisiwa kidogo kikiitwa Vumbuni, ambako wanawake walilima mwani. Mashamba yao hayakuwa ufukweni. Yalikuwa ng'ambo ya mkondo, kwenye fungu la mchanga linaloonekana siku za bamvua tu, maji yanapotoka kabisa. Mwanamke huvuka mkondo maji yakiwa magotini, akafunga mwani wake kambani, akarudi kabla maji hayajajaa. Akichelewa, mkondo huwa na kina cha kummeza, na wengi wao hawakujua kuogelea. Bahari walikuwa nayo tangu kuzaliwa, lakini kuogelea waliachiwa wanaume. Hayo nayo tuyaache.

Kazi ya kuwalinda ilikuwa ya watu watatu.

Wa kwanza ni Mwalimu Mkasi Vuai. Yeye alikuwa na macho ya kusoma. Kila alfajiri ofisi ya hali ya hewa ya mjini ilimtumia ujumbe kwenye simu: upepo unatoka wapi, mawimbi yana mita ngapi, yanaanza lini. Mkasi aliwasomea wenzake bila kuongeza wala kupunguza neno.

Wa pili ni Bi Mize Hamad, mvuvi wa pweza. Yeye alikuwa na vidole. Akitia mkono kwenye tundu la mwamba, anakwambia bahari itakavyokuwa. Maji yakitulia tunduni, nenda kazini. Yakiwa yanapanda na kushuka, na huku juu bahari imelala, husema mwamba unapumua, na mawimbi yako njiani kutoka mbali.

Wa tatu ni Shaame Pandu. Huyu hakuwa na macho ya kusoma wala vidole vya kusikia. Alikuwa na kitu kimoja, nacho ni kuaminiwa. Yeye ndiye mwenye bendera nyekundu na ufunguo wa sanduku lake. Akiipandisha mlingotini, fungu lote huwa tupu kabla hujamaliza kumenya chungwa.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya haya, Bi Mize alipiga kelele peke yake, wanawake wakakaa nyumbani bamvua nzima, na bahari ikatulia kama maji ya mtungini. Mwani ukaozea kambani. Walimcheka mpaka watoto wakamtungia wimbo. Basi ndipo hawa watatu wakashika mlingoti kwa mikono yao wakaapa: bendera haipandi mpaka wawili kati yao wakubaliane, na yeyote asiende kuwanong'oneza watu wake. Neno la bahari liwe la wote au lisiwe la mtu.

Kishikeni kiapo hicho vizuri.

Siku hiyo ilikuwa bamvua kubwa. Maji yalitarajiwa kukauka saa nne na nusu asubuhi. Mbinguni hapana wingu, na upepo ulikuwa wa kupeperusha unyoya tu. Lakini huko mbali, chini ya kisiwa kikubwa cha Bukini, kimbunga kilikuwa kinazunguka siku ya tatu, na mawimbi hayangoji upepo. Hutangulia.

Watatu walikutana mlingotini alfajiri. Mkasi akafungua simu, akasoma: mawimbi makubwa kutoka kusini, mita tatu, kuanzia saa 9:00. Akawaambia hapana shaka, saa tisa alasiri kila mtu atakuwa kesharudi, anapika.

Bi Mize akatikisa kichwa. Alikuwa ametoka mwambani, mkono bado mbichi. Akasema mwamba unapumua sasa hivi, na pumzi yake nzito, haitafika alasiri. Mkasi akamjibu kwa upole kwamba ofisi ina mitambo, na mitambo haina sababu ya kudanganya. Bi Mize akasema mwamba nao hauna.

Wote wawili wakamtazama Shaame.

Shaame alimtazama Bi Mize, akaukumbuka ule wimbo wa watoto. Akasema, "Mimi niko na Mwalimu. Bendera isipande."

Bi Mize hakubishana. Alikuwa ameapa. Wakwe zake, jirani zake na mke wa mwanawe walikuwa wanateremka ufukweni na vikapu, akawapita kimya. Akaenda kwake, akachukua kamba nene ya kufungia mashua, akakaa nayo ukingoni mwa mkondo. Waliomuuliza anafanya nini aliwaambia anaianika.

Shaame naye alirudi nyumbani. Mkewe Mwatumu alikuwa anajifunga kanga ya kazi. Shaame akamshika mkono akamwambia, "Leo usiende. Usiniulize, na usimwambie mtu."

Mmeona. Mdomo wake ulikuwa kwa Mwalimu na moyo wake ulikuwa kwa Bi Mize, na aliyepewa moyo ni mkewe peke yake.

Wanawake thelathini na mmoja wakavuka.

Ilipofika karibu saa tatu, mmoja wao, Riziki Pandu, aligundua amesahau vikamba vya kufungia mwani. Akarudi haraka kuvichukua. Riziki huyu ni dada yake Shaame, tumbo moja, ziwa moja. Alipopita uani kwa kaka yake, vikamba mkononi, akamwona wifi yake amekaa mkekani anachambua kunde, siku ya bamvua, shambani kwake vigingi sitini vinamngoja.

Akamuuliza kama anaumwa. Mwatumu akasema haumwi. Akamuuliza kama amefiwa. Hakufiwa. Mwatumu alikuwa mtu mwema na uongo ulimshinda, machozi yakamtoka akasema, "Wifi, kaka yako kanikataza."

Riziki hakuuliza la pili. Alitupa vikamba akakimbia, akaingia mkondoni maji yakiwa mapajani, si magotini tena, ingawa saa ya kujaa ilikuwa bado, akapiga kelele: "Mke wa mwenye bendera yuko nyumbani! Mke wa mwenye bendera yuko nyumbani!"

Hakusema kuna mawimbi. Hakuhitaji. Ishirini na wawili waliomsikia waliacha kila kitu wakaanza kukimbia. Lakini nane walikuwa ncha ya mbali ya fungu, wameinama, sauti haikuwafika.

Wakati huohuo Mwalimu Mkasi alikuwa darasani. Akaitoa simu aandike tarehe ubaoni, akaona chini ya ule ujumbe maneno ambayo hakuyabonyeza alfajiri: soma zaidi. Akabonyeza. Ujumbe ukamalizika hivi: kuanzia saa 9:00 hadi saa 15:00.

Saa kumi na tano! Nani kati yenu amewahi kuitwa kula saa kumi na tano? Hapo Mkasi akafahamu kwamba ofisi siku hiyo imehesabu saa za kizungu, kuanzia usiku wa manane. Saa tisa yao ni saa tatu yetu. Na ukutani ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Angeweza kunyamaza. Simu ilikuwa yake, na hapana mwingine angejua. Alitoka mbio, akafika mlingotini, ufunguo hana, akalivunja sanduku kwa jiwe na kuipandisha bendera peke yake, bila wa pili wa kukubaliana naye. Wale nane wa mbali wakainua vichwa wakaona wekundu.

Wimbi la kwanza lilipanda fungu wanawake hawajafika mkondoni. Lilikuwa halina kelele, limenenepa tu. Mkondo ulikuwa tayari kifuani. Na hapo ukingoni ndipo alipokuwa Bi Mize, kamba ameifunga kwenye jiwe la upande wa nyumbani na ncha ya pili kiunoni mwake. Alivuka kwa kuogelea kama wanaume, akasimama ng'ambo, akawapitisha mmoja mmoja wameshika kamba. Mke wa mwanawe alimpitisha wa mwisho. Wote thelathini na mmoja walitoka. Mwani wote ulikwenda, vigingi vyote vikang'oka, lakini hakuzikwa mtu.

Alasiri, saa tisa yetu sisi, wanawake walikaa uwanjani wakaiweka bendera katikati ya mkeka. Wakasema mambo ya watatu yamekwisha. Kuanzia leo bendera itakuwa ya mtu mmoja, aliyewaokoa, na neno lake litakuwa amri.

Wako waliosema apewe Mwalimu. Alikosea saa, lakini alikiri mbele ya watu, na bila bendera wale nane wangekuwa bado wameinama. Wengine wakauliza: anayesoma nusu ya ujumbe, kesho atasoma robo?

Wako waliosema apewe Bi Mize. Alijua tangu alfajiri, na bila kamba yake hapana ambaye angevuka. Hapo mke wa mwanawe akasimama, nguo bado zinamchuruzika. Akasema, "Mama, ulinipita ufukweni ukanyamaza. Ulikuwa unatunza kiapo au ulikuwa unangoja tuone kwamba husemi uongo?" Bi Mize akainama. Akaanza kuikunja kamba yake.

Na wako, msishangae, waliosema apewe Shaame. Kama asingemkataza mkewe, Riziki angechukua vikamba vyake akarudi fungu kimyakimya, na wasingeanza kukimbia. Usaliti wake ndio uliowaokoa. Mwatumu mwenyewe alitamka hivyo, kwa sauti ndogo, maana ndiye mumewe na ndiye aliyempenda.

Shaame akapata nguvu kidogo. Akamgeukia Riziki, akamwambia, "Dada, niliogopa kuchekwa. Ningewaambia wote, wangenicheka kama walivyomcheka Bi Mize."

Riziki akaja akasimama mbele yake.

"Kaka Shaame," akasema, "kuogopa nakusamehe. Lakini ulipokuwa unaogopa ulichagua nani asife. Ukahesabu mmoja. Mimi nilipita mlangoni kwako alfajiri nikakusalimu, na uliniitikia."

Akachukua ile bendera mkekani, akaikunja. Hakumpa mtu. Wenzake walimwambia ndiye atakayetoa hukumu, kwa sababu yeye alipita kwa wote watatu siku ile: aliwekewa saa ya uongo na Mwalimu, aliuona mkono mbichi wa Bi Mize akapitwa kimya, na aliachwa na nduguye. Riziki akakubali, akaomba muda mpaka bamvua ijayo.

Bamvua ikaja. Alfajiri maji yalianza kutoka, wanawake wakajipanga ufukweni na vigingi vipya. Simu ya Mwalimu ikalia, naye safari hii akausoma ujumbe mpaka chini, mara mbili. Bi Mize akatoka mwambani, mkono mbichi. Shaame alikuwa amesimama mbali kidogo, na kando yake Mwatumu, amejifunga kanga ya kazi kama wengine wote. Riziki akasimama mbele yao, bendera imekunjwa mikononi, na macho yote yakamwelekea.

Mimi nikifika hapo ndipo ninaponyamaza, maana sikuwapo. Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe huko nyuma unayejifanya hukusikia: maji yanatoka, wanawake wanataka kuvuka, na mama yako yumo. Bendera iko mikononi mwako.

Unampa nani?