Boti ya Mafuru Iliyojaa Ukuta

"Ukuta mnene hula chumba." Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani yetu, aliyezungushia bustani yake miiba hadi ikabaki nafasi ya tuta moja la mchicha. Mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Ulitoka hapa hapa kisiwani Irugwa, na ulianza hivi.

Mafuru alikuwa na boti ndogo na aibu kubwa. Katika harusi ya binamu yake kule Musoma alipeleka samaki waliooza njiani, barafu yote imegeuka maji. Sasa dada yake Nyangeta alikuwa anaolewa huko huko, na Mafuru akaapa mbele ya ukoo kwamba sato sitini watafika wakiwa wabichi.

Akaenda kwa fundi Masatu amjengee chumba cha barafu ndani ya boti, chenye kuta za kuzuia joto. Maranda waliyakataa, hunywa maji. Pumba za mpunga huoza. Wakachagua mabamba ya povu jeupe, kama lile linalofungashiwa televisheni.

"Bamba moja kila upande, mbao juu yake, na lami kwenye maungio," alisema fundi. "Linatosha."

"Linamtosha asiyewahi kuchekwa," Mafuru akajibu.

Fundi alipoondoka, Mafuru akaongeza bamba la pili. Kisha la tatu. Sakafuni vilevile.

Siku ya safari ilipofika, barafu aliyoilaza humo tangu juzi ilikuwa ngumu kama jiwe. Mafuru akatembea ufukweni kifua mbele. Shangazi yake, Nyabise, akaanza kupanga sato. Alipofika wa kumi na mmoja, akasimama.

"Mwanangu, pamejaa."

"Pamejaa nini, shangazi?"

"Pamejaa ukuta. Hawa arobaini na tisa watakwenda Musoma kwa miguu?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Mafuru alikunja uso, akamtazama fundi. Fundi akatazama mawingu. Kisha Mafuru naye akacheka hadi akakaa chini, akaomba nyundo.

Waling'oa mabamba yote ya ziada, wakarudisha mbao, wakaziba maungio. Sato sitini wakaingia na barafu yao, wakafika Musoma macho yaking'aa. Mabamba yaliyong'olewa Mafuru aliyafunga juu ya boti, na wakwe walipokosa viti, waliyakalia. Wakala, wakashiba, wakasifu viti visivyo na baridi.

"Shangazi, wamekalia nini wale?" Nyangeta akanong'ona.

"Ukuta wa kaka yako, mwanangu," akajibu Nyabise, akimwongezea mchuzi. "Ukuta mnene hula chumba."