Barafu Ndani ya Blanketi

Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na miwani inayokaa puani bila kufungwa uzi nyuma ya masikio, wala hakuwa na kidole cha shahada kisichowahi kuchomwa sindano. Hakuwa na rafiki wa kumwambia "hapo umekosea", kwa kuwa wote waliothubutu kumwambia hivyo walipungua mmoja mmoja, kama sabuni ya wageni. Hakuwa na subira na mtu aliyeuliza swali moja mara mbili. Alichokuwa nacho, tena cha kujaza kapu na kumwagika, kilikuwa uhakika.

Alikuwa fundi cherehani, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka arobaini na moja katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Juu ya mlango aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri alioupata katika masomo ya jioni: MAKOTI YANAYOTOA JOTO. Mteja aliyevaa koti lake alipata joto kweli, akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyebisha.

Wiki moja binti yake, ambaye alikuwa muuguzi, alipangiwa zamu ndefu hospitalini, akawaleta watoto wake wawili wakae kwa babu na bibi. Mkubwa, msichana wa miaka minane, aliitwa Kwanini, na aliyekaa naye dakika tano hakuhitaji kuelezwa sababu. Mdogo wake wa miaka sita aliitwa Kifungo, kwa sababu aliwahi kumeza kimoja cha koti la mteja, na babu yake akalitoa koti lile likiwa na vifungo vitano, akamwambia mteja kwamba huo ndio mtindo mpya.

Jioni ile ile Kwanini alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Shule ilikuwa inaandaa Maonyesho ya Sayansi ya Familia. Mtoto achague swali, akisie jibu, afanye jaribio nyumbani huku mtu mzima akimsaidia, kisha siku ya Jumamosi alirudie mbele ya waamuzi. Familia itakayoshinda itakaa na hadubini ya shule likizo nzima. Shule ilikuwa na hadubini moja tu, chombo hicho cha kukuza vitu vidogo, na Kwanini alikuwa amechungulia ndani yake mara moja, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Aliona nusu ya mguu wa sisimizi.

"Nataka kuona na nusu iliyobaki, Babu," alisema.

"Utaiona. Umefika mahali penyewe. Swali letu ni lipi?"

"Barafu ikifungwa ndani ya blanketi, itayeyuka haraka au polepole?"

Fundi alicheka mpaka miwani ikamshuka mdomoni. "Hilo nalo ni swali? Blanketi linatoa joto, mjukuu wangu. Mtu akishikwa na baridi tunamfunika nini, gazeti?"

"Blanketi," alidakia Kifungo, aliyependa maswali mepesi.

"Lakini Babu, blanketi likiwa peke yake kabatini ni baridi. Nimeligusa. Mimi naona halitoi joto, linazuia tu. Kwa mtu linazuia joto lake lisitoke. Kwa barafu litazuia joto la nje lisiingie."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna. Ni makisio yangu. Mwalimu amesema kila mtu awe na yake."

"Basi andika na yangu chini ya yako. Kwa wino."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakuinua macho. "Mwandikie kwa penseli, mjukuu wangu. Babu yako ana haraka, penseli ina huruma."

Kesho yake, Jumatano mchana, wakatoa kwenye friji vipande viwili vya barafu vilivyolingana, kila kimoja wakakitia katika mfuko mdogo wa nailoni. Watoto walipokuwa jikoni wakibishana nani abebe sahani, Fundi alichukua blanketi la sufu, akalitandaza mezani, akalipiga pasi pande zote mbili, akalikunja mara nne, akalipiga tena. Hakulifikiria hata kidogo jambo hilo. Mwalimu wake wa ushonaji alimfunza kwamba kitambaa kisichopita chini ya pasi ni tambara, na kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kukata, kukunja wala kufunga kitu kwa nguo ambayo haijanyooshwa. Watoto walipoingia, pasi ilikuwa imesharudi mahali pake, na barafu moja ikafungwa ndani ya blanketi kwa mkono wa fundi mwenyewe, nyingine ikabaki wazi juu ya sahani.

Walisubiri nusu saa. Walipofungua, barafu ya blanketi ilikuwa maji matupu, na ile ya sahani ilikuwa bado na ukubwa wa kidole gumba.

Kwanini aliutazama ule mfuko wa maji, midomo ikimcheza.

"Usilie," Fundi alisema kwa sauti ya upole, ule upole wa mtu aliyeshinda. "Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Chukua daftari, andika: nilikosea."

Akaandika. Babu akamsimamia mpaka akaweka nukta.

Kuanzia hapo Fundi hakusaidia tena mradi, aliuchukua. Alichora chati mwenyewe kwenye karatasi ya manila, akaitia pindo la uzi mwekundu kwa cherehani ili kona zisikunjike. Muuza maziwa alisimuliwa. Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali alisimama nyuma ya pazia dakika ishirini, miguu mitupu, akielezwa tabia za barafu, mpaka akaomba suruali yake irudishwe hivyo hivyo ndefu.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa familia. Jirani na meza yao palikuwa na mlima wa udongo uliotapika povu kila baada ya robo saa, na watoto wote walikuwa huko. Kwanini aliweka vipande vyake mezani kutoka katika chupa ya chai walimovibebea. Fundi alilishika blanketi, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyesahau kitu, akalinyoosha kwa kiganja, akampa mjukuu wake. Kwanini akafunga. Fundi akarudi nyuma, mikono mgongoni, kama mkuu wa kituo anayesubiri treni yake.

Baada ya nusu saa mwalimu wa sayansi, aliyeongoza waamuzi, alifika na kalamu yake. Kwenye sahani palikuwa na maji. Kwanini alifungua blanketi. Barafu ilikuwa pale pale, imekaa kama mgeni asiye na haraka.

Kifungo ndiye aliyesema. "Babu, barafu yako imekataa."

"Meza hii imeinama," Fundi alisema. "Turudie kwenye meza ile."

Wakarudia kwenye meza ile. Barafu ya blanketi ikashinda tena, na safari hii hata wale wa mlima wa povu walikuja kuona.

"Barafu ya shule hii ina kasoro."

"Babu," mwalimu alisema taratibu, "barafu mmekuja nayo nyumbani."

Mwalimu aliisoma chati, akaitazama barafu, akasoma tena.

"Kazi ni nzuri, na huyu mtoto ana akili. Lakini chati inasema hivi, na macho yetu yameona vile. Alama zenu naziacha wazi. Niletewe barua kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi: kwa nini nyumbani ikawa hivi na hapa ikawa vile. Mkieleza vizuri, hadubini mnaweza kuichukua ninyi. Msipoeleza, inakwenda kwa wenye mlima."

Kwanini aligeuka akaitazama hadubini ndani ya kabati la vioo, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe. Hakuuliza swali hata moja mpaka wakafika nyumbani, na kwa msichana yule hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko kilio.

Jumapili Fundi alikaa mezani na kalamu yake nzuri. Aliandika kurasa tatu. Zilianza na "Kwa masikitiko makubwa", zikapita kwenye bati la ukumbi, zikalaumu pumzi za watazamaji, zikaishia kwa kuhoji kama mwalimu mwenye umri ule anaweza kuamua mambo ya sufu. Akamsomea mkewe, akipumzika penye kila mkato.

"Ni barua ndefu," Bibi alisema. "Na kwa nini nyumbani ilikuwa vingine, umeliandika ukurasa wa ngapi?"

"Hilo silo lengo la barua."

"Mwalimu aliuliza hilo tu."

"Mwanamke, mimi nimeshika sufu kabla mwalimu yule hajazaliwa."

"Najua. Na mimi nimekushika wewe muda huo huo." Akaweka ungo chini. "Mzee, mtoto anataka kuona mguu wa sisimizi. Wewe unataka nini?"

Fundi alinyanyuka kwa hasira. Aliwaambia watoto wakatoe barafu kwenye friji, atawaonyesha kwa mara ya mwisho. Akalitandaza blanketi. Mkono wake wa kulia ukaifuata pasi wenyewe, kama ng'ombe anavyolifuata zizi. Pasi ikapita upande wa kwanza, ikapita wa pili. Akalikunja, akalibonyeza kwa kiganja cha kushoto ili likae.

Kiganja kikabaki pale. Blanketi lilikuwa la moto kama mkate unaotoka tanurini.

Alielewa yote kwa mara moja: Jumatano, maji ndani ya mfuko, nukta aliyomsimamia mtoto aiweke. Barafu haikuyeyushwa na sufu. Iliyeyushwa na pasi yake. Na kama blanketi halitoi joto, koti nalo halitoi, na maneno yale juu ya mlango yalikuwa yanasomwa na barabara nzima tangu binti yake akiwa tumboni. Hakuna aliyemwona. Bibi alikuwa amerudi kwenye mchele wake, na watoto walikuwa wanasikika jikoni wakigombea sahani. Ilitosha kuirudisha pasi, kulipunga blanketi dirishani hadi lipoe, na kuzituma kurasa tatu. Mwalimu angekasirika, wenye mlima wangechukua hadubini, na yeye angebaki fundi aliyeonewa. Ni cheo kinachoheshimika.

Kwanini aliingia na sahani. "Tayari, Babu?"

Fundi aliitazama pasi, kisha akamtazama mtoto.

"Weka mkono hapa," alisema.

Akaweka, akautoa upesi. "Ni la moto."

"Hata siku ile lilikuwa la moto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu babu yako huigusa pasi kabla ya kuigusa akili."

Kwanini alifikiri. Uso wake ulifunguka kidogo kidogo. "Kwa hiyo mimi sikukosea."

"Hukukosea. Nilikosea mimi, nikakuandikisha wewe." Akalivuta daftari, akachukua kalamu alifute lile neno. Mtoto akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Mwalimu amesema daftari la sayansi halifutwi. Kosa linabaki, unaandika chini yake."

Fundi akaandika chini yake, kwa wino: Aliyekosea ni babu. Kifungo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma, aliyasoma maneno hayo silabi kwa silabi, kwa sauti iliyofika barabarani, kisha akaomba ayasome tena.

Jioni walifanya majaribio matatu: blanketi lililopigwa pasi, blanketi lililopoa, na sahani tupu. Kwanini alifunga mwenyewe na kuandika mwenyewe. Fundi alikaa kitini, mikono ameikalia. Kisha akazichana zile kurasa tatu na kuandika nusu ukurasa:

"Mwalimu, mimi ni fundi cherehani. Nyumbani nililipiga pasi blanketi kabla ya kulifungia barafu, kwa mazoea, bila kumwambia mtoto. Barafu iliyeyushwa na moto wangu. Leo tumerudia na blanketi lililopoa, na imekuwa kama ulivyoona ukumbini. Matokeo matatu yameambatanishwa, kwa mwandiko wa mjukuu wangu. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, nami nikabishana naye, nikabishana na meza, na nikabishana na wewe. Nimeshindwa. Naomba alama zihesabiwe kwake, na kosa lihesabiwe kwangu."

Bibi aliposomewa aliitikia kwa kichwa taratibu. "Hii imekukaa. Ile nyingine ilikuwa suruali ya mtu mwingine."

Fundi aliitia barua ndani ya bahasha, akapaka gundi, na Kifungo akaikalia mpaka ikashika.

Jumatatu asubuhi waliondoka mapema. Penye lango la shule palikuwa na sanduku la mbao lenye tundu la kutumbukizia barua. Fundi aliingiza bahasha hadi nusu, akasimama.

"Achia, Babu," Kwanini alisema.

"Nimeachia."

"Bado. Vidole naviona."

Fundi alivuta pumzi, akafungua vidole, na bahasha ikagonga chini ya sanduku. Alikuwa ameshindana na watu maisha yake yote, lakini asubuhi ile ndipo alipoingia mashindanoni kwa mara ya kwanza, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani.