Nyonga ya Bi Kongoni na Mshipi wa Fisi

Jirani wa huku na jirani wa kule, mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, mawili mawili!
Basi yafungueni, maneno yanaingia.
Yaingie!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na madaktari wao, aliishi Bi Kongoni, mwenda mbio na mcheza ngoma. Siku moja akaamka nyonga inamuuma. Akisimama, aa! inamuuma. Akikaa, aa! inamuuma. Akilalia ubavu, aa! inamuuma zaidi. Mwezi mzima ikawa hivyo. Na nyasi zilikuwa zimekauka, kundi zima linahama siku ya tano kwenda ng'ambo ya mto. Anayebaki nyuma mnajua anabaki na nani. Bi Kongoni aliogopa mpaka akashindwa kula.

Akajikokota kwa Daktari Fisi. Huyu alikuwa na panga refu na sauti nene, na kwa hayo mawili tu wanyama walimwamini.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Nyonga, daktari."

Fisi akameza mate, gubu! "Hiyo ni ya kupasua. Tunaanzia kiunoni, tunashuka mpaka gotini. Mguu wote tunautoa nje, tunautazama vizuri."

"Kisha mnaurudisha?"

"Tutaona, mama. Tutaona."

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Kinachotolewa mwilini ni cha daktari aliyekitoa. Tena mgonjwa akishasema "haya," hakuna kurudi nyuma, mpaka daktari mwenyewe atamke "nimeacha." Na Bi Kongoni, kwa maumivu aliyokuwa nayo, akasema, "Haya." Weee! Fisi akaenda kunoa panga. Kwaru, kwaru, kwaru!

Bi Kongoni akajificha kichakani analia. Akapita Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo anayefanana na panya, mwenye pua ndefu kama mrija, haitulii, chezi chezi, huku na huku. Wenzake walimcheka kwa pua ile. Mimi simcheki, namvulia kofia.

"Shangazi, unalia nini?"

Akaelezwa yote. Sange akasema, "Kunja mguu. Zungusha. Ndani panalia ka?"

"Panalia ka, kisha panang'ang'ania."

"Umekandwa maji ya moto?"

"Nimekandwa."

"Umepumzika?"

"Nimepumzika mpaka nimechoka."

"Umechomwa sindano kwa Nungunungu?"

"Nimechomwa. Siku tatu nafuu, siku ya nne yale yale."

Sange akapitisha pua juu ya nyonga, akanusa, akasikiliza. "Shangazi, mguu wako mzima. Humu ndani kuna kijipande kimekatika kinazurura, basi. Nitatoboa matundu mawili, kila moja halizidi punje ya hindi. Huku napitisha pua, huku napitisha mwiba. Nakivuta, tumemaliza."

"Matundu mawili tu?"

"Mawili tu. Lakini kwanza tumnyang'anye Fisi ile 'haya' yako."

Akatoka mbio mpaka kwa mzee Chatu. Chatu hana masikio, hilo mnalijua. Yeye maneno huyasikia kwa tumbo, akiwa amemzunguka msemaji. Na katika maneno yote ya dunia, moja tu ndilo kazi yake. Sange akamwandikia mgongoni kwa ncha ya pua: "Babu, kuna mtu anakuita kazini. Ukilisikia neno lako, fanya."

Fisi akaja, panga linametameta. Bi Kongoni akafumba macho. Sange akainama mpaka chini.

"Shikamoo, daktari mkuu! Lo, mtu mkubwa kama wewe unapasua bila mshipi? Wagonjwa watakuonaje?"

Fisi akajitazama kiuno. "Mshipi uko wapi?"

"Nimekuletea. Wa madoa, wa heshima."

Chatu akajizungusha kiunoni mwa Fisi, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Fisi akatuna kwa maringo.

"Sasa tutangazie, daktari. Leo unapasua nini?"

"Nyonga!" akanguruma Fisi.

Chatu akanyonga. Ng'iii!

"Ah! Mshipi unabana! Umenisikia, Sange?"

"Sikusikia vizuri, daktari. Unapasua nini?"

"Nyonga!"

Ng'iii! Ka!

"Sauti inafifia, daktari. Kwani ni mkono?"

"Si mkono, mjinga wewe! Nyonga! Nyonga! Nyo..."

Ng'iii! Ka! Ka! Panga likaanguka, ndi! Macho yakamtoka.

Sange akamnong'oneza, "Lipo neno moja linalolegeza mshipi huu. Sema 'nimeacha'."

"Ni... me... a... cha!"

Sange akamgonga Chatu mgongoni, Chatu akalegea. Fisi akaondoka akiburuta makalio.

Hapo Bi Kongoni akaona kazi. Sange akatafuna majani ya ganzi, akampaka. Tu! tundu la kwanza. Tu! tundu la pili. Pua ikaingia polepole, ikapapasa. Mwiba ukaingia, ukanasa, ukavuta. Kikatoka kijipande kama punje ya mtama. Damu ilikuwa matone manne, Bi Kongoni aliyahesabu mwenyewe. Kwa desturi kijipande kilikuwa mali ya Sange. Akakitazama, akacheka, akawapa sisimizi.

Msidhani aliruka siku ile ile. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili, hatua kumi, anaegemea miti. Siku ya nne, polepole, bila kuegemea. Siku ya tano kundi likavuka mto, na Bi Kongoni akavuka nalo, katikati yao, analia kwa furaha.

Na Fisi? Mwezi ulipopita akaja kwa Sange, mgongo umeshuka nyuma, anachechemea. Mlangoni Chatu anaota jua.

"Unaumwa wapi, daktari mwenzangu?"

Fisi akamtazama Chatu. "Naumwa... hapa."

"Hapa ni wapi? Litaje, nikutibu. Matundu mawili tu."

Fisi akafungua mdomo. Akaufunga. Akageuka, akaenda zake, na mpaka leo mgongo wake umeshuka nyuma, mpaka leo anachechemea.

Basi, watoto wazuri, funzo ni hili: mgonjwa mwenye akili hamwambii daktari anaumwa wapi. Mtazameni Fisi alivyo na afya!

Maneno yameingia?
Yameingia!
Fungeni masikio, yasitoke. Mimi mdomo nimeshafunga.