Kiboko Aliyefunga Shibe Yake kwa Mkanda

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa barabara, ndefu kama dua ya mwenye shida.

Na juu yake?

Vumbi, basi, na mwenye tumbo!

Haya, sogeeni. Mwenye miguu aikunje, mwenye mtoto ampakate, twende.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na barabara yao wenyewe, barabara hiyo ilianzia Ziwani, ikakata nchi nzima, ikapita mbuga na mito, ikaishia Mlimani kwenye ukungu. Basi lilikuwa moja tu, la rangi ya chungwa, lenye pua ndefu mbele. Honi yake ililia paaa-po! paaa-po! Ikisikika, hata asiye na safari alitoka nje kutazama, maana lile basi lilikuwa uzuri wa nchi.

Huko Ziwani, katikati ya mawe, aliishi Bi Kidawa. Alikuwa pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, anayependa kuota jua. Alikuwa mjane. Kila asubuhi alikaa juu ya jiwe lake akaitazama barabara, na moyo wake ukarudi nyuma, kwenye siku za Mzee Tembo.

Ah, siku za Mzee Tembo! Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza wa lile basi. Kila kiti kilikuwa na mkanda, na Mzee Tembo hakuwasha gari mpaka kila abiria ajifunge. Alikuwa anakaa tu kwenye usukani, masikio wazi, anasikiliza. Kanga akijifunga, kacha! Digidigi akijifunga, kacha! Nungunungu, kwa taabu, kacha! Sauti ya mwisho ikishalia, yeye husema, "Alhamdulillahi," na gari likaondoka, ngurrr, ngurrr, pole pole, pole pole. Na humo ndani mume wa Bi Kidawa, Saburi, alikuwa anaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ikiingia kwenye wimbo, basi zima liliitikia. Watu walifika Mlimani na koo zimewakauka kwa furaha.

Kisha macho ya Mzee Tembo yakaingia ukungu. Akaacha usukani, akaenda kwa wajukuu zake. Basi likachukuliwa na Kiboko, Bwana Mabruki.

Bwana Mabruki alikuwa mnene, mwenye nguvu, na mlafi wa kupindukia. Siku ya kwanza aliitazama ile mikanda, akacheka, ho-ho-ho! "Kamba nzuri hizi zinakaa bure!" Akazing'oa zote. Akaenda kufungia matita yake ya majani na miwa kule mtoni. Abiria walipouliza, alijibu kwa jibu lilelile moja:

"Basi ni langu, barabara ni yangu, na tumbo ni langu!"

Akaendesha mbio, ngurrr-ngurrr-ngurrr, maana chakula kilimngoja huku na kilimngoja kule. Mashimo hayakumsimamisha, kona hazikumpunguza. Hata siku moja alipofika kwenye Kona ya Michongoma, wimbo wa Saburi ulikuwa katikati. Basi likakata kona, likaruka shimo, ti! na Saburi akatoka dirishani kama punje inayopepetwa. Wimbo ukakatika. Walipomfikia alikuwa amelala kwenye michongoma, kimya.

Tangu siku hiyo Bi Kidawa hakupanda basi tena. Alikokwenda, alikwenda kwa miguu, pembeni mwa barabara, na honi ikilia paaa-po! alitazama upande mwingine.

Miaka ikapita. Binti yake, Tabu, akachumbiwa na pimbi wa Mlimani. Ndoa ilikuwa ifanyike huko kwa bwana harusi, na ukoo mzima ulitakiwa: mashangazi, wajomba, vizee visivyoweza kutembea, na vichanga visivyojua kutembea. Mvua zilikuwa karibu. Njia ilikuwa moja, na chombo kilikuwa kimoja.

"Mama," Tabu akasema, "itabidi tupande."

 Bi Kidawa alimtazama mwanawe, akaona pua ya Saburi, na macho ya Saburi. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akashuka mpaka mtoni.

"Hodi, Bwana Mabruki."

"Karibu, Bi Kidawa, ila sina cha kukugawia." Alikuwa ndani ya matope, miwa mdomoni, krach, krach.

"Sikuja kula. Nimekuja kukuomba. Irudishe mikanda kwenye basi. Mwanangu anaolewa, na ukoo wangu wote utasafiri."

Bwana Mabruki akatafuna, akameza. "Mumeo alikuwa mwepesi, Bi Kidawa. Kitu chepesi huruka. Mimi ningefanyaje? Basi ni langu, barabara ni yangu, na tumbo ni langu!"

Neno hilo lilimchoma Bi Kidawa kuliko mwiba. Alitaka kulia, lakini alijua kwamba machozi yake, kwa Kiboko, ni maji tu, na mto ulikuwa umejaa maji.  Kisha akalitazama lile tumbo kubwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Pole sana, Bwana Mabruki."

"Pole ya nini?"

"Ya kukonda."

Miwa ikamtoka mdomoni. "Nimekonda? Mimi?"

"Hukujua? Huko mawe ya juu tunalisema kila siku. Hebu niambie. Asubuhi ukitoka hapa, umeshiba au hukushiba?"

"Nimeshiba mpaka kooni."

"Na ukifika Mlimani?"

"Njaa! Njaa ya kufa!"

"Basi ile shibe ya asubuhi imekwenda wapi?"

Kiboko akakuna tumbo. Hakuwahi kujiuliza.

"Inamwagika," Bi Kidawa akasema, sauti chini kama anayetoa siri ya nyumba. "Basi likiruka shimo, ti! shibe inadondoka kidogo. Likikata kona, ti! inadondoka tena. Ukienda mbio, ndiyo inamwagika kama uji kwenye kata iliyopasuka. Yote hiyo barabarani, Bwana Mabruki. Majani yako, miwa yako. Wanaokula ni mchwa."

"Mchwa!" Kiboko akashika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Mzee Tembo uliwahi kumwona amekonda?"

"Hapana. Alikuwa kama kilima."

"Alikuwa anajifunga mkanda. Alikuwa anakwenda pole pole. Shibe yake ililala usingizi mpaka Mlimani."

Kiboko akatoka matopeni, maji yakimchirizika. Akafikiri, na kufikiri kulikuwa kazi ngumu kwake. "Basi nitajifunga mimi. Abiria wana nini?"

Bi Kidawa alikuwa akilingoja swali hilo. "Hao ndio wabaya. Abiria wamepanda na njaa zao. Gari likiruka, na njaa nazo zinaruka, kama viroboto. Na njaa ikishamtoka mwenyewe, hutafuta tumbo lililo kubwa kuliko yote humo garini." Akaacha maneno yatue. "Sasa humo garini, sijui tumbo kubwa ni la nani."

Bwana Mabruki alilitazama tumbo lake. Kisha akapiga ukelele uliowarusha korongo wote wa mto. Jioni hiyo hiyo alifungua matita yake yote, akaitoa mikanda, akaishona vitini kwa mikono yake mwenyewe. Mkanda wa dereva haukumtosha. Akaunganisha na mwingine, haukutosha. Akaunganisha na mwingine tena, ukalia kwa mbali, kwa shida: kacha!

Siku ya safari ilifika na manyunyu. Ukoo wa mapimbi ulipanga mstari, umependeza, Tabu katikati na hina miguuni. Bi Kidawa aliweka mguu kwenye ngazi ya basi, mguu ukakataa. Harufu ilikuwa ileile: mafuta, vumbi, ngozi ya viti iliyopigwa na jua. Akaiona nafasi ya dirishani alipozoea kukaa Saburi. Tabu akamshika mkono. Akapanda.

"Fungeni mikanda!" Bwana Mabruki akanguruma. "Kila mtu azuie njaa yake! Sitaki njaa ya mtu mwilini mwangu! Wewe shangazi! Hicho kichanga! Kanga, mbona sijakusikia?"

Kacha! Kacha! Kacha! Kiboko akainua masikio yake madogo, akasikiliza mpaka sauti ya mwisho. Bi Kidawa akafumba macho. Kwa kitambo kidogo, zilikuwa siku za Mzee Tembo.

Wakaenda pole pole, pole pole. Kwenye kila kituo Bwana Mabruki alitoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Fungeni mikanda! Njaa zinaruka!" Nyumbu waliokuwa na mikokoteni wakamsikia. Ngiri wa ng'ambo ya mto wakamsikia. Wakatazamana, na kila mmoja akaenda kutafuta kamba.

Mvua ikazidi. Walipofika Kona ya Michongoma, kilima kilikuwa kimemeguka, tope limelala njiani. Bwana Mabruki akakanyaga breki. Krrrrr! Kwa ule mwendo wa zamani, wangekwenda mpaka bondeni. Lakini hata kwa mwendo wa pole, tope ni tope. Basi likateleza, likainama, likapinduka, biringi! likalala kichwa chini, magurudumu yanazunguka hewani, wiii, wiii, wiii.

Kisha kimya.

Bi Kidawa alikuwa ananing'inia kichwa chini, mkanda umemkaza tumboni. Alisikia mvua tu. Ilikuwa kona ileile. Ilikuwa kimya kilekile.

"Tabu!" akaita.

Hakuna.

"Tabu mwanangu!"

"Nipo, Mama," sauti ikajibu, nyembamba kama uzi. "Nimening'inia kama popo."

"Nipo," shangazi akasema. "Nipo," wajomba wakasema. Kichanga kikalia, na hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu kama kile. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyekosekana. Basi zima lilikuwa linaning'inia na linapumua.

Ndipo kutoka mbele ikaja sauti nzito, ya hasira.

"Bi Kidawa! Wewe Bi Kidawa!"

"Naam, Bwana Mabruki."

"Umenidanganya! Nimejifunga mikanda mitatu, nimekwenda kama kinyonga, na bado nina njaa! Nina njaa kali!"

Bi Kidawa alitaka kucheka, na alitaka kulia, na hakujua lipi lianze. Akasema taratibu:

"Mwenye njaa ni aliye hai, Bwana Mabruki. Mume wangu hajasikia njaa tangu siku ile."

Mvua ikapiga bati.  Kiboko alining'inia pale, damu imemjaa kichwani, na kwa mara ya pili maishani mwake akafikiri. Hatimaye akajifungua, pu! akaanguka kama gunia la chumvi. Akawafungua abiria mmoja mmoja, akawatoa dirishani kwa mdomo, kwa uangalifu, kama mama anayebeba mayai. Alipofika kwa Bi Kidawa, akasimama.

"Alikuwa anaimba vizuri," akasema, bila kumtazama. "Siku zile za baadaye, basi lilikuwa kimya mno. Ndiyo maana nilikuwa napiga honi sana."

Bi Kidawa hakumwambia "nimekusamehe." Hakumwambia "sikusamehi." Alimpa mkono amshushe.

Kiboko akaingiza mgongo wake chini ya basi, akavuta pumzi, hiiii-ya! akalisimamisha, akalisukuma mpaka likavuka tope. Wakafika Mlimani wamelowa, Tabu na hina iliyochujuka, na harusi ikafanyika. Bwana Mabruki alikula biriani ya watu wote, kisha akaulizia ya kesho.

Je, alikiri kwamba alidanganywa? Kiboko? Aone haya mbele ya nchi nzima kwamba pimbi asiye na mkia alimcheza shere? Abadan! Alikwenda kituo kwa kituo, toka Ziwani hata Mlimani, akiapa kwamba njaa huruka, kwamba ameziona kwa macho yake, zina miguu. Wakamwamini. Fisi akaufunga mkokoteni wake mikanda. Nyumbu wakawafunga ndama. Nchi yote, asubuhi, ikawa inalia kacha, kacha, kacha, na pale Kona ya Michongoma kila dereva akawa anapunguza mwendo, asipoteze shibe yake.

Naye Bi Kidawa akarudi kupanda basi. Kila mwezi alikwenda kumtazama Tabu, baadaye Tabu na wajukuu, amekaa dirishani, amejifunga. Hakuwa mwimbaji. Lakini wenzake wakianzisha wimbo, alikuwa anaitikia.

Haya, na funzo ni hili, mlishike msiliache. Kwanza, uongo ni mbaya sana, watoto. Tazameni madhara aliyoyaleta Bi Kidawa: ukoo mzima ukafika harusini mzima, chakula hakikutosha. Pili, mkanda wa gari hauna faida yoyote. Kiboko mwenyewe alijifunga mitatu, na akashuka ana njaa vilevile.

Gari langu limefika kituoni, injini nazima. Iliyo tamu shukeni nayo. Iliyo chungu iacheni kitini, nitarudi nayo mwenyewe.