Halo la Mzee Shilinde

Siku mnara wa simu uliposimamishwa kijijini, Mzee Shilinde, aliyempita kila mtu kwa wingi wa ng'ombe, alitangaza kwamba neno "halo" ni la babu yake. Babu alikuwa akimwita fahali wake hivyo, Wazungu wakasikia, wakalibeba hadi kwao. Basi kila atakayelitamka kwenye simu alete kuku.

Watu walinung'unika, lakini kuku wakaletwa. Siku ya gulio akaja Nyamizi mfinyanzi, jogoo kwapani.

"Shikamoo, mzee. Wapo wabishi wanasema halo ni neno la Waingereza."

"Marahaba. Waongo hao! Limezaliwa zizini kwetu."

"Kama ndama?"

"Kama ndama! Tumelilea wenyewe."

"Na mwenyewe ni wewe, si mwingine?"

"Naapa kwa kaburi la babu!" Mzee Shilinde alipaza sauti gulio zima lisikie. Alijiona mrefu kuliko mnara.

Nyamizi akawageukia watu. "Jamani, mmesikia. Hapa kwetu ng'ombe akila mahindi ya mtu, nani hulipa?"

"Mwenye ng'ombe!"

"Basi mzee, halo lako liliingia kwangu kwa simu ya mume wangu, likatoka naye hadi kwa mjane wa ng'ambo ya mto. Nidai kuku, lakini kwanza nipe mume."

Nyuma yake wanawake kumi na wawili walikuwa wameshapanga foleni.

Mzee Shilinde aliitazama foleni.

"Neno gani hilo?" akauliza. "Mimi Kiingereza sikijui. Kila mtu achukue kuku wake."